Tuwafundishe vijana wetu kuuliza: "Umejuaje?"



Shukrani zote anastahiki Allah (SW), Mola aliyemtukuza mwanadamu kwa akili, kisha akamletea wahyi wa kuiongoza akili hiyo isipotee. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na Masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, leo naomba nianze kwa kukiri kosa. Mimi ni mwalimu wa somo la Maarifa ya Uislamu katika shule moja ya sekondari hapa Dar es Salaam, na jioni husomesha madrasa. Siku moja nikiwa darasani, kidato cha pili, mada ikiwa ni umuhimu wa elimu, niliandika ubaoni yale maneno mashuhuri kwamba tumeamrishwa kuitafuta elimu hata kama itakuwa China. Nikaandika mbele yake: "Mtume (SAW) amesema". Kijana mmoja wa kiti cha nyuma, mpole wala si mtundu, akanyoosha mkono. Akauliza: "Ustaadh, hadithi hii imepokewa na nani?"

Sikuwa na jibu. Maneno yale nimeyasikia tangu nikiwa mtoto wa miaka sita, nimeyakuta ukutani madrasa, nimeyasikia katika Maulidi na katika mahafali. Haikunipitia hata siku moja kujiuliza yako kitabu gani. Badala ya kusema "sijui, nitatafuta", nikamkazia macho nikamwambia: "Kwa hiyo wewe unataka kumkosoa Mtume?" Darasa zima likacheka. Kijana akakaa, akainamisha kichwa.

Usiku ule nilifungua vitabu. Nikakuta kwamba Imamu Bayhaqi ameyataja maneno hayo, naye akabainisha kuwa ni mashuhuri lakini njia zake ni dhaifu. Nikakuta Ibn al-Jawzi ameyaweka katika kitabu chake alichokusanya hadithi za kutungwa. Iliyopo, na ambayo baadhi ya wanachuoni wameipa nguvu kwa wingi wa njia zake, ni ile iliyomo katika Sunan Ibn Majah inayoeleza kuwa kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Muislamu. Basi hebu tazama mambo yalivyo. Mada ilikuwa kutafuta elimu. Aliyekuwa anatafuta elimu mle darasani ni mmoja tu, na mwalimu mwenye shahada ya chuo kikuu ndiye aliyemnyamazisha.

Wiki iliyofuata nilimuomba radhi mbele ya wenzake, na alhamdulillah alinisamehe. Lakini mpaka anamaliza kidato cha nne hakunyoosha mkono tena katika somo langu. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Ndugu zangu Waislamu, hebu tujiulize kwa uwazi. Ni vijana wangapi tumewanyamazisha kwa namna hii? Ni mara ngapi mtoto ameuliza nyumbani, madrasa au msikitini, akaambiwa "usiulize sana utakufuru", au "nyamaza, mkubwa akisema wewe sikiliza"? Kisha tunashangaa mtoto huyo huyo akifika miaka ishirini anamuamini kila mwenye kipaza sauti na kila mwenye simu.

Nakumbuka nikiwa mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1990, uliletwa mtaani kwetu waraka uliotolewa fotokopi mpaka herufi zimefifia. Wasomaji wengi wa umri wangu na walionizidi wataukumbuka. Ni ule unaoitwa wasia wa Sheikh Ahmed, mtunzaji wa Msikiti wa Mtume, Madina. Ulidai kuwa Sheikh huyo amemuota Mtume (SAW) na akapewa ujumbe kwa umma. Mwisho wake ndio uliokuwa na sumu: atakayeunakili na kuusambaza atapata kheri na utajiri, na atakayeupuuza atapatwa na msiba. Mama yangu, Allah amrehemu, alikuwa mcha Mungu kweli kweli. Siku ile alichukua fedha ya kitoweo akanituma dukani nikatoe nakala, tukala ugali kwa chumvi. Hakufanya vile kwa upumbavu. Alifanya kwa mapenzi ya Mtume wake na kwa hofu ya kupoteza watoto wake.

Nilipompelekea mwalimu wangu wa madrasa nakala yake, aliusoma mpaka mwisho, akaukunja, akaniuliza: "Mwanangu, huyu Sheikh Ahmed anaishi mtaa gani Madina? Nani kamuona?" Nikababaika. Akasema: "Na mimi simjui. Basi mwambie mama asitumie tena fedha ya chakula kwa mtu tusiyemjua." Hakututukana wala hakutuita wajinga. Aliuliza swali moja, na waraka mzima ukaanguka. Baadaye, nilipokuwa mtu mzima, nilisoma kwamba Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyekuwa Mufti Mkuu wa Saudi Arabia na ambaye alifariki mwaka 1999, aliandika risala nzima kuubainisha uongo wa wasia huo.

Waraka ule haukufa. Umehama tu kutoka kwenye fotokopi kwenda kwenye simu. Mwaka 2020, wakati maradhi ya Uviko-19 yameitisha dunia, nilipokea ujumbe unaosema tufungue Msahafu katika Suratul Baqara, tutakuta unywele, tuutie katika maji tunywe, ndiyo tiba. Waliopekua wengi waliukuta, kwa sababu Msahafu unaosomwa kila siku na watu wenye nywele haukosi unywele! Niliyetumiwa na yeye si mtu wa mitaani. Ni mhasibu, anakagua hesabu za watu, hapitishi hata risiti isiyo na muhuri. Lakini ujumbe wa dini aliupitisha bila muhuri wowote.

Hapo ndipo ninapotaka tutazame kwa makini. Tatizo letu si kwamba hatuna akili. Fundi wa Kariakoo hanunui spea bila kuigeuzageuza mkononi. Mama anayenunua samaki Feri anafunua matamvua kwanza atazame wekundu wake. Mwenye kununua kiwanja huuliza majirani, serikali ya mtaa na wakati mwingine mahakama. Lakini jambo likivalishwa kanzu, likianza kwa Bismillahi na kumalizika kwa "sambaza kwa Waislamu kumi", tunaiweka akili kando kama viatu mlangoni mwa msikiti. Tumedhani kuwa huko ndiko kuiheshimu dini. Je, ndivyo dini yenyewe inavyotuagiza?

Tuanze na Qur'an Tukufu. Katika Suratul Israai (17:36) Allah (SW) anatukataza kufuata jambo tusilokuwa na elimu nalo, na anatujulisha kuwa masikio, macho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Yaani Siku ya Kiyama utaulizwa si tu ulifanya nini, bali pia ulisikia nini ukakubali, na kwa msingi gani ulikubali. Katika Suratul Hujuraat (49:6) anatuamrisha kwamba akitujia mtu fasiki na habari tuipeleleze kwanza, na anatupa sababu: tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukabaki kujuta. Na katika Suratul Baqara (2:170) anawalaumu wale ambao wakiitwa kwenye aliyoyateremsha Allah husema kuwa wao watafuata waliyowakuta nayo baba zao. Kauli ya "ndivyo tulivyowakuta wazee" haikukubaliwa kuwa hoja kwa Makuraishi, nasi tusidhani kuwa itakubaliwa kwetu.

Tazama pia kisa cha Nabii Ibrahim (AS) katika sura hiyo hiyo (2:260). Alimuomba Mola wake amuonyeshe namna anavyohuisha wafu. Alipoulizwa kama haamini, alijibu kuwa anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Allah hakumkemea wala hakumwambia "usiulize utakufuru". Alimwagiza achukue ndege wanne, akamuonyesha. Swali la anayetaka kutulia moyo lilipewa jibu na Mola wa viumbe vyote. Mimi nililinyima jibu darasani kwangu.

Masahaba (RA) nao walilelewa katika njia hiyo. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Abu Musa al-Ash'ari alibisha hodi mara tatu kwa Umar ibn al-Khattab, hakuruhusiwa, akaondoka. Alipoulizwa kwa nini ameondoka, alieleza kuwa Mtume (SAW) ameagiza mwenye kuomba idhini mara tatu asipopewa arudi. Abu Musa ni Sahaba mkubwa, msomaji mahiri wa Qur'an. Hata hivyo Umar alimtaka alete shahidi. Abu Musa akawaendea Answari hali ameingiwa na hofu, nao wakasema kuwa atakayekwenda kumtolea ushahidi ni mdogo wao kwa umri. Akasimama Abu Said al-Khudri, kijana, akaenda kumthibitishia Khalifa.

Ndugu msomaji, zingatia mambo mawili katika kisa hiki. La kwanza, Umar hakumtuhumu Abu Musa kwa uongo. Imepokewa kuwa alibainisha hivyo mwenyewe, kwamba alichokichelea ni watu kumzulia Mtume maneno. Kwa hiyo kutaka ushahidi si kumvunjia mtu heshima. La pili, aliyemaliza jambo ni mdogo wao katika kikao. Hakuna aliyemwambia Abu Said kuwa mambo hayo ni ya wazee.

Kutokana na malezi hayo wanachuoni wetu wa hadithi walijenga elimu ambayo kila Muislamu anapaswa kujivunia. Walipoletewa habari waliuliza: Nani kakwambia? Yeye kaambiwa na nani? Je, hao wawili walikutana, au mmoja alifariki kabla mwenzake hajazaliwa? Hifadhi yake ikoje? Ukweli wake je? Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, alisafiri miji na miji kwa kazi hiyo. Imamu Muslim katika utangulizi wa Sahihi yake ameweka hadithi inayofahamisha kuwa inamtosha mtu kuwa muongo kwa kusimulia tu kila anachokisikia. Kwa kipimo hiki, je, wangapi katika sisi tunasalimika na simu zetu?

Hata hapa kwetu pwani tunao mfano. Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha Mombasa gazeti la Al-Islah, akawataka Waislamu watafakari hali yao, elimu yao na mila zao kwa mizani ya dini. Naye Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy alituletea tafsiri kamili ya Qur'an kwa Kiswahili, iliyochapishwa mwaka 1969, ili mwenye kusoma afahamu anachokisoma. Masheikh hawa wangetaka tuwe watu wa kuitikia "amin" tu, wasingejichosha kuandika.

Najua wapo watakaonijibu: "Ustaadh, dini si akili." Na watataja kauli ya Sayyidna Ali (RA), iliyomo katika Sunan Abu Dawud, kwamba lau dini ingekuwa ni kwa rai, basi chini ya khofu kungestahiki zaidi kupanguswa kuliko juu yake. Ni kauli nzito, nami naikubali. Lakini tuisome mpaka mwisho. Sayyidna Ali anamalizia kwa kueleza kwamba yeye alimuona Mtume wa Allah (SAW) akipangusa juu ya khofu zake. Yaani anatoa ushahidi! Anatufahamisha amejuaje. Kauli hii inamkataza mtu kutunga ibada kwa mawazo yake, na papo hapo inamfundisha kutaja dalili. Sisi tumechukua nusu ya kwanza tukaifanya kofuli la midomo ya vijana, nusu ya pili tukaiacha.

Hata hivyo, uadilifu unataka nitaje pia upande wa pili. Wapo vijana ambao wameliona kosa letu wakaruka upande wa pili wa barabara. Kijana anatazama mawaidha mawili matatu kwenye simu, hajui hata kusoma Kiarabu kisicho na irabu, kisha anasimama msikitini kumwambia mzee aliyesoma miaka thelathini: "Lete dalili!" Akiletewa haielewi, naye hakuja kuielewa. Huku si kuhoji, ni kiburi kilichovaa joho la elimu. Bani Israil waliulizauliza kuhusu ng'ombe, rangi yake na umri wake, nao hawakuwa wanatafuta kujua, bali walikuwa wanakwepa kutii (2:67-71). Na Qur'an imetuelekeza tuwaulize wenye kujua pale tusipojua (16:43). Anayeuliza kikweli ana dalili moja: akijibiwa kwa haki, anabadilika.

Hapa ndipo penye mtihani wa kila mmoja wetu, mimi nikiwa wa kwanza. Ni rahisi kuhoji habari tusiyoipenda. Ujumbe ukimsifu kiongozi tunayemchukia tunauliza chanzo. Ukimtuhumu, tunausambaza kabla ya kumaliza kuusoma. Msikiti mmoja ninaoufahamu ulipasuka kwa maneno kwamba mweka hazina amekula fedha za ujenzi. Maneno yale yalinifikia na mimi, na kwa kuwa niliwahi kukwaruzana na mzee yule, niliyaamini haraka, nikayafikisha kwa watu wawili. Baada ya miezi hesabu zilikaguliwa mbele ya waumini, haikukosekana hata shilingi. Lakini mzee alikwishaacha kuswali pale. Nilikwenda kwake kumuomba radhi. Alinipa kahawa, akasema "yamepita mwanangu", kisha akatazama pembeni. Ile ndiyo majuto iliyotajwa katika Suratul Hujuraat. Nilikuwa naisomesha aya ile kila mwaka.

Tukumbuke kisa cha Ifki, uzushi aliozuliwa Mama wa Waumini Aisha (RA). Katika Suratun Nuur (24:15) Allah anawaelezea walioupokea uzushi ule kwamba waliupokea kwa ndimi zao. Kwa kawaida habari hupokewa kwa masikio, kisha ikapimwa na akili, ndipo ulimi useme. Ile ilitoka ulimi kwenda ulimi, haikupita popote. Leo inatoka kidole kwenda kidole.

Basi tufanye nini? Nashauri tuanze na maswali manne, na kila mzazi awafundishe wanawe. Nani kasema? Amejuaje? Je, maneno yenyewe yanasema hivyo, au sisi ndio tumeyanyoosha? Na la nne, ambalo ni zito zaidi: mimi nafsi yangu napenda iwe kweli, na kwa nini? Swali hili la nne ndilo muhasaba. Mwenye kulizoea hatapona uvumi tu, atapona pia na kujidanganya. Atajua kwamba wakati mwingine anaposema "fulani hanipendi" hana ushahidi, na anaposema "mimi sina kosa" hajapeleleza.

Kwa walimu wenzangu wa madrasa na shule: tutenge hata dakika kumi za maswali kila kipindi, na tusione haya kusema "sijui". Imamu Malik, pamoja na ukubwa wake, alikuwa akiulizwa maswali mengi na mengi katika hayo akayajibu kwa neno hilo hilo. Halikumpunguzia kitu. Kwa makhatibu: mkitaja hadithi, tajeni na aliyeipokea na daraja yake. Haichukui hata nusu dakika, na waumini watazoea kulisubiri jambo hilo. Kwa wazazi: mtoto akiuliza "kwa nini", tusimuone amekosa adabu. Tumfundishe adabu ya kuuliza, tusimfundishe kunyamaza. Kwa wenye simu: ujumbe unaokutisha kuwa usipousambaza utapatwa na balaa, ufute. Anayemiliki balaa na kheri ni Allah peke yake.

Sasa hivi, kila ninapoanza na darasa jipya, jambo la kwanza ninalowasimulia wanafunzi ni kisa cha yule kijana na hadithi ya China. Nawaambia kosa lilikuwa langu. Kisha nawaambia kuwa mwaka huu wote wana ruhusa ya kuniuliza: "Ustaadh, umejuaje?" Mwanzoni huona haya. Likiulizwa mara ya kwanza, wanacheka. Ikifika muhula wa pili hawacheki tena, na mimi usiku inanibidi nifungue vitabu kuliko zamani. Hiyo nayo ni faida niliyoipata, kwani nasoma.

Na wewe kijana wangu wa kiti cha nyuma, popote ulipo, kama gazeti hili limekufikia, nakuomba unyooshe tena mkono. Ulikuwa na haki ya kuuliza.

Allah (SW) atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosikiliza maneno wakafuata yaliyo mema zaidi, na atusamehe yale tuliyoyafikisha bila ya elimu. Wallahu a'lam.

Wabillahi tawfiiq.